Siki ya Alfajiri

Jumatatu, 16 Juni

Kwa jina la Allah, anayerehemu kabla hajaombwa. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, na salamu ziwe juu ya nyumba hii ya Mgwashi na juu ya kila aliyelala chini ya bati lake. Hivyo nilifunzwa kuanza kila karatasi. Nitaanza hivyo hata hii ambayo sitamsomea mtu.

Ukungu haujainuka tangu jana. Nimesali alfajiri, nimevuta uradi, nimekunywa siki yangu, kisha nimekaa nikitema mate machungu hadi jua lilipotoka. Kiungulia. Tangu Shaabani hakijaniacha. Moto hupanda kutoka chembe ya moyo hadi kooni, na sauti hukatika katikati ya aya. Wiki iliyopita wanafunzi wa darsa walidhani ninalia.

Daktari wa Lushoto mjini, kijana mwenye adabu, alieleza kwamba tindikali ya tumbo inarudi juu. Dawa ya kwanza ni mdomo. Niache chai, kahawa, pilipili, nyanya, vitunguu, tangawizi, ndimu, machungwa na vyote vya kukaanga. Nile kidogo, mara nyingi. Nisilale kabla saa tatu hazijapita tangu nile. Kichwa kiinuliwe kitandani. Aliniuliza ninakula nini, nikamtajia. Siki sikuitaja. Aliniuliza chakula, hakuniuliza ibada.

Siki ni vijiko viwili katika maji kidogo, juu ya tumbo tupu, kabla sijasema neno na mtu. Ni kitoweo kilichosifiwa na mbora wa viumbe. Marehemu mwalimu wangu aliinywa uzeeni mwake, na mimi nilipotimiza miaka sabini, mwezi wa Rajabu, nikaanza. Mwanangu Athumani huniletea chupa kutoka Tanga anakopeleka kabichi kwa lori.

Orodha ya daktari nimeinakili kwa mkono wangu na kuibandika juu ya mlango wa jiko. Mpishi ni Zaina, mke wa Athumani, tangu magoti ya mke wangu yalipokataa kuchuchumaa. Nimemsomea mara tatu. Amejibu, "Nimesikia, tate." Huniita tate, kama anavyomwita baba yake mzazi huko Bungu.

Jumatano, 18 Juni

Nimeamuru nyumba nzima ile ninachokula. Viazi vya kuchemsha. Ndizi za kuchemsha. Uji wa ulezi usio na ndimu. Maharage bila nyanya wala kitunguu. Sipendi kula chakula cha mgonjwa huku wengine wakinukia mchuzi.

Mama Athumani amesema hata mahabusu hupewa nyanya. Nimemwambia subira ni nusu ya dini. Akasema basi apewe ile nusu nyingine.

Tumezungukwa na mashamba ya chai, nami ninakunywa maji ya moto. Nina hasira. Sijui ninamkasirikia nani.

Jumamosi, 21 Juni

Siku tano za orodha. Moto wa leo asubuhi ulikuwa mkali kuliko wa Jumatatu.

Nilizunguka nyuma ya jiko baada ya adhuhuri. Juu ya ungo palianikwa pilipili kichaa, nyekundu, za kutosha mwaka. Zaina alisema zimetumwa na mama yake, naye huzila peke yake, kwenye bakuli lake, baada ya sisi kumaliza. Kwamba bila pilipili chakula cha siku hizi hakimpiti kooni.

Nilizimwaga chooni mbele ya macho yake. Alipokea ungo, akaufuta kwa kanga, akaingia ndani. Nilitaka alie. Hakulia. Hilo lilinichoma zaidi ya kiungulia.

Miaka mitatu yumo humu na hajazaa. Nimeyavumilia mengi kwa huyu binti.

Jumatatu, 23 Juni

Leo nimemwambia Zaina aonje.

Chakula kilipoletwa sebuleni nilimzuia asiondoke. Nikamwambia achukue kijiko, ale kutoka sahani yangu, hapo hapo, nikimtazama. Kwa mila ya milima hii mke wa mtoto hali mbele ya baba mkwe. Hata maji huyanywa akiwa amegeuka. Naijua mila hiyo kuliko wengi. Nilimwambia dini haiijui.

Kiazi kilimponyoka kijikoni. Akakiokota, akavuta kanga usoni, akala akiwa ameuelekea ukuta. Nikamwambia ageuke. Akageuka.

Alipotoka, Mama Athumani alisema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, umemvua nguo mtoto wa watu sebuleni."

Nilikula chote. Nilifurahi, na ninaandika kwamba nilifurahi.

Alhamisi, 26 Juni

Ameonja asubuhi, mchana na jioni, siku ya nne hii. Moto uko pale pale. Unaanza mara nimalizapo uradi, unapoa kuelekea adhuhuri. Nimelitafakari jambo hili kwa utulivu. Chakula cha asubuhi sijakigusa saa hiyo, kwa hiyo kosa ni la chakula cha jioni, na hulala tumboni hadi alfajiri. Tena huonja juu juu. Kuanzia leo anakoroga hadi chini, ndipo anaonja.

Anaonja bila kuangusha kitu sasa. Uso wake haumwambii mtu kitu. Nauchukulia huo kuwa ukaidi.

Ijumaa, 27 Juni

Baada ya sala ya Ijumaa nimemwapisha. Nilimtuma atie udhu. Nikaufungua Msahafu wa marehemu baba yangu juu ya kibao. Akaweka mkono wa kuume akasema, "Wallahi, sijawahi kutia katika chakula cha tate kitu alichokatazwa." Mke wangu alikuwa shahidi. Hakuniangalia.

Nimemwambia Zaina kwamba kesho asubuhi tumbo langu ndilo litakalohukumu.

Jumamosi, 28 Juni

Limehukumu. Moto hadi masikioni. Nimeshika nguzo ya baraza mpaka kulipopambazuka kabisa.

Mkwe mpishi mbaya huvumiliwa. Aliyeapa uongo juu ya kitabu cha Mola wake hakai kwangu. Nimempigia Athumani simu aje. Wazee wawili wa msikitini nimewaeleza habari yote, kwa kuwa nilihitaji ushauri. Si kweli. Nilihitaji wasikilizaji.

Jumapili, 29 Juni

Athumani amefika na lori likiwa tupu, bado amevaa koti la safari. Ameomba radhi kwamba dukani Tanga hakupita, na siki hakuileta. Nimemwambia siki si jambo la leo.

Nilimweleza. Alikuwa akikuna matope kwenye kiatu. Mwanangu ni mtu mzuri asiye na uti. Alimwuliza mkewe swali moja tu, kama ni kweli, naye akasema, "Wewe unasemaje?" Athumani akanitazama mimi.

Basi nikasema kwa niaba yake. Arudi kwao Bungu hadi jambo liamuliwe. Kama ataachwa au atarudishwa, mumewe atatamka kabla ya katikati ya mwezi ujao.

Alitoka na begi moja na ndoo yake, kwenye manyunyu. Alimwamkia Mama Athumani shikamoo kwa kupiga magoti yote mawili, na mimi vivyo hivyo. Kisha akasema, "Tate, kesho ataonja nani?"

Nimeichukulia kuwa kejeli. Nimeiandika ili niikumbuke.

Jumatatu, 30 Juni

Siki imekwisha. Vijiko viwili vya mwisho, vyenye machicha. Moto kama kawaida. Mabaki ya sumu, bila shaka.

Alhamisi, 3 Julai

Sifa zote njema ni zake.

Siku ya tatu sina moto. Nimesoma juzuu nzima kwa sauti bila kusimama. Nimelala, nimeamka, kinywa ni kitamu. Mama Athumani anapika vile vile vilivyo kwenye orodha, amekaa juu ya kigoda, anaguna.

Habari imenitangulia barabarani. Wamekuja watu kunipa pole na hongera kwa pamoja. Bombani wanawake wanasema walijua, kwamba macho ya yule binti hayakuwa ya kawaida, kwamba tasa huwa na kisirani. Sikuwarekebisha. Katika darsa nilifundisha mlango wa viapo, na nilipofika kwa mwenye kuapa uongo kila mtu alijua ninamzungumzia nani.

Ijumaa, 11 Julai

Nina afya. Nimeongeza uzito.

Athumani amepiga simu mara ya tatu wiki hii. Anauliza lile lile: atoe talaka au asubiri? Anasema humkumbuka. Anasema labda ilikuwa bahati mbaya. Nimemwuliza tangu Julai ianze nimeugua siku ngapi. Akasema, "Hata moja, baba." Nikamwambia basi amejijibu.

Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba akatazwe. Niliisikia vizuri. Sikumkataza.

Jumapili, 13 Julai

Athumani amekuja. Jana ametamka talaka moja mbele ya mashahidi wawili, na barua ameipeleka Bungu kwa mkono wa mwenzake. Amekula viazi vyetu. Ameniletea siki, chupa kubwa, akasema ameleta kubwa ili isikatike tena.

Jumatatu, 14 Julai

Nimesali. Nimevuta uradi. Nimekunywa siki, vijiko viwili.

Kabla sijakunja mswala, moto.

Nimeinama nikishika kifua. Mama Athumani alikuwa anapita na sufuria ya uji. Alisimama. Akaiweka sufuria chini.

"Chakula cha jana nilipika mimi," akasema. "Leo utaniapisha mimi? Udhu ninao."

Akaniacha hapo.

Jumatano, 16 Julai

Jana sikunywa. Sikuungua. Leo nimekunywa. Nimeungua.

Siki niliianza Rajabu. Kiungulia kilikuja Shaabani. Mtoto wa chuo cha Kurani angeliona hilo. Nimesoma miaka kumi na minane mbele ya masheikh, na sikuliona, kwa sababu chupa nilikuwa nimeiweka upande wa dini, na binti upande wa jiko, nikatafuta kosa jikoni tu. Siki ni halali na ina sifa yake. Kwa tumbo langu ilikuwa moto. Daktari angenieleza kwa neno moja kama ningemwambia. Nilimficha, kisha nikamwapisha mwingine kwa kuficha.

Naandika pia wazo la pili, ili Siku ya Hesabu lisije likasomwa kwa sauti nisiyoizoea. Nimewaza: ninyamaze. Niache siki, nibaki na afya, nibaki na heshima. Talaka imekwisha kutoka. Ajuaye ni mke wangu tu, naye hatasema. Nililipenda wazo hilo tangu adhuhuri hadi alasiri.

Aliapa kweli. Juu ya Msahafu wa baba yangu aliapa kweli, nami nikafundisha darsani kuwa yeye ni mwongo.

Ijumaa, 18 Julai

Nimesimama baada ya sala. Nimesema yote: siki, kuonja, kiapo, talaka. Sauti haikukatika. Nilitamani ikatike.

Walisikiliza wameinamisha vichwa. Nilidhani ni huzuni. Wakati wa kuvaa viatu nikasikia mmoja akimwambia mwenzake, akidhani masikio yangu ni ya miaka yangu, "Umeona? Amemlisha kitu mzee wa watu. Sasa anamtetea."

Mwenzake akasema, "Siki haijaua mtu."

Hadi kufika bombani neno hilo lilikuwa limetimia. Wanasema dawa ya yule binti ndiyo inayosema kinywani mwangu. Nilipomtuhumu sikuulizwa ushahidi. Nilipomsafisha nimeonekana mgonjwa. Neno la kwanza lilikuwa langu, na halinitii tena.

Jumatatu, 21 Julai

Bungu. Bodaboda hadi barabara ilipoharibika, kisha kwa miguu, huku nikipumzika kila penye jiwe. Nilikwenda peke yangu. Athumani aliniambia ana mzigo wa karoti.

Baba yake Zaina, Mzee Salimu, ni rika langu. Alinipokea kwa heshima zote, akanikalisha kwenye kiti chenye mto, akauliza habari za nyumbani, za mvua, za viazi. Hakuuliza nilichokujia. Heshima yake ilikuwa kama maji ya baridi shingoni.

Nikasema. Mbele yake, mkewe, na ndugu wawili wa Zaina. Nikaomba radhi kwa maneno ya wazi.

Mzee Salimu akaniambia kwa upole kwamba barua ya Athumani ilifika baada ya habari yangu. Habari ilifika mapema sana. Kwamba yeye mwenyewe, baba mzazi, alimwapisha binti yake tena siku aliyorudi. Kwamba tangu wakati huo wake za kaka zake hawali alichopika. Wamemwondoa jikoni. Asubuhi hupelekwa shamba, jioni hupewa sahani yake nje, na vyombo vyake huoshwa mbali na vingine. "Tulikuamini, Mwalimu," akasema. "Wewe ni mtu wa dini."

Akamwita binti yake, akamwamuru apike, na kila mtu atakula.

Tulingoja muda mrefu. Zaina akaja na sinia. Viazi vya kuchemsha. Ndizi. Maharage bila nyanya wala kitunguu. Alikuwa anaikumbuka orodha yangu neno kwa neno. Amekonda, mikono imepasuka kwa jembe. Akanitengea. Nikanyoosha mkono.

Akaninyang'anya kijiko. Taratibu, bila kishindo. Akakoroga hadi chini, akaonja maharage. Akaonja viazi. Akaonja ndizi. Hakuvuta kanga. Hakugeukia ukuta. Alinitazama usoni muda wote aliokuwa akitafuna, mbele ya baba yake na kaka zake, na hakuna aliyemkataza. Kisha akakifuta kijiko, akanipa.

Nikala. Kila tonge lilikuwa jepesi, laini, bila chumvi ya kuzidi, kama daktari alivyotaka. Sijapata kula chakula kigumu kama kile.

Nilimwambia Zaina kwamba mumewe bado ana nafasi ya kumrejea ndani ya eda, na mimi nitamsimamia. Akasema, "Mwambie asinirejee. Wewe ulikuwa mgonjwa, tate. Yeye alikuwa mzima. Alikuja, akakaa, na hakuonja hata kijiko kimoja."

Mzee Salimu alinisindikiza hadi barabarani, akanitakia safari njema.

Jumatano, 23 Julai

Nimemweleza Athumani kwa simu. Amesema sheria inampa haki ya kumrejea, mwanamke atake asitake, na kwamba mimi ndiye niliyemfundisha mlango huo. Ni kweli, nilimfundisha. Nimemwambia haki anayo, na asiitumie.

Amenipigia kelele kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Kwamba nilimwachisha mke, sasa namzuia asimrudishe, na je, nyumba hii ina mwanamume mmoja tu? Nikamwambia alipaswa kuniuliza swali hilo tarehe ishirini na tisa Juni. Akakata simu.

Sikupaswa kusema hivyo. Ilikuwa kweli, na niliisema ili imuume.

Jumapili, 10 Agosti

Darsa lina wanafunzi watano. Walikuwa thelathini. Wazazi wanaogopa nilicholishwa.

Nimemwandikia Mzee Salimu barua yenye maelezo yote na sahihi yangu, aionyeshe kwa yeyote. Nimepewa habari kwamba aliisoma msikitini kwao. Wake za kaka wanakula alichopika Zaina, ila mmoja.

Athumani haji. Lori lake hupita barabara ya chini bila kusimama.

Ijumaa, 17 Oktoba

Eda imekwisha. Nimepata habari asubuhi, kwa salamu fupi ya Mzee Salimu. Athumani hakumrejea. Sasa Zaina si mke wake tena, na hakuna kilichobaki cha kuamuliwa.

Mvua za vuli zimeanza. Mama Athumani ameitumia chupa kubwa ya siki kuondolea kutu kwenye sufuria. Zimeng'aa. Orodha bado iko juu ya mlango wa jiko, imekuwa ya kahawia kwa moshi. Kiungulia sina.

Siku hizi napika mimi, kwa kuwa magoti ya Mama Athumani yamezidi kuuma. Viazi, ndizi, uji. Ninachemsha, ninapakua. Kabla ya kumpelekea sahani yake nakoroga hadi chini, naonja, nikiwa nimesimama mbele yake. Hakuniomba. Mara ya kwanza alicheka. Sasa hunisubiri nimeze, kisha huanza kula.

Ewe Mola, isitiri nyumba ya Mzee Salimu, na ulijaze jiko lake kheri na watu wa kula. Mpe Zaina meza isiyomwuliza kitu. Mrudishe Athumani kwa njia ya barabara ya juu. Na atakayelifungua daftari hili baada yangu, umlinde yeye na walio nyumbani mwake, walale wameshiba, waamke vinywa vyao vikiwa vitamu. Amina.